Vidole Viwili

Kila usiku, saa saba na nusu, mgodi wa Kiruna hulipuliwa.
Vioo hutetemeka, nami sigeuki:
miaka arobaini nimelala juu ya baruti.

Kilichoniamsha ni kimya.
Torsten anakoroma, anakoroma, kisha
hakuna. Nahesabu. Kumi na nane. Kumi na tisa.
Halafu anaivuta pumzi
kama mtu aliyefukuliwa kifusini.

Wakampa mashine, na barakoa yake.
Kidevu kikamwangukia kifuani hata hivyo,
hewa ikapotea njia,
mdomo ukaamka mkavu kama jivu.

Jana ikaja kola ya sponji, laini, rangi ya uji.
“Nimekuwa mbwa wa kliniki,” akanuna.
Nikaifunga. Vidole viwili vipite, alisema muuguzi.
Vikapita.
Nikaviacha humo kidogo, shingoni, penye joto.

Kidevu juu, kama anayepigwa picha ya pasipoti,
akalala.
Mashine ikanong’ona. Sikuhesabu.

Kisha kishindo! Nikaruka, moyo mbio,
nikamtazama: pumzi inakwenda, inarudi.
Ulikuwa mgodi tu.
Umeniamsha mgodi,
kama mgeni aliyefika mjini jana.