Sekunde Thelathini

Bwana Twalib alinipigia simu Jumatano:
Nyevu, wewe uliyetupigia picha dada yangu alipopambwa,
njoo Nyali, njoo na taa zako zote,
nimemaliza chumba.

Hakusema chumba gani. Chumba, basi,
kama mtu asemavyo Bandari.

Mlango mzito kama wa benki, tumbo lake limejazwa sufi.
Ukifungwa, Mombasa inakatika:
tuktuk, jenereta ya jirani, honi ya muuza samaki,
kunguru, hata kunguru,
vyote vinabaki nje kama viatu.

Akawasha. Kuta zikanguruma.
Niliisikia besi kwenye meno, kisha kwenye figo.
Akanitajia bei, spika baada ya spika,
kwa sauti ya mtu anayeita watoto wake:
hii ya Ujerumani, hii ililala Kilindini siku arubaini
forodha wakibishana kama ni spika au ni kabati.
Skrini upana wa lori. Darini nyota mia tatu,
nyuzi za kioo, ukigusa rimoti zinapepesa.
Viti kumi na viwili, ngozi ya ng'ombe asiyejua kupe,
vingali ndani ya nailoni vilivyojia.

"Tuitoe nailoni?"
"Ibaki. Utaifuta kwa kompyuta."

Sasa sikiliza shida ya kazi yangu.
Chumba cha giza hakitaki picha.
Ukileta mwanga, weusi wa kuta unageuka jivu,
nyota zinakufa, ngozi inang'aa kama kaango.
Ukizima, kamera haioni ila kijitaa chekundu
cha mashine inayongoja amri.
Nimepiga maharusi wenye hina mbichi,
nimepiga vichanga vya siku tatu kwa ajili ya pasipoti;
hao hukaa, ukibembeleza.
Weusi haukai. Weusi hunywa.

Nikarudisha taa mkobani. Nikaisimamisha kamera kwa miguu mitatu.
Nikamwambia, tutaliacha jicho wazi sekunde thelathini,
nyota zako zenyewe ndizo zitakazochora.
Simama kando ya skrini. Usicheze.

Sekunde ya nne akanyoosha kola ya kanzu.
Ya tisa akaionyesha projekta kwa kidole, nisije nikaisahau.
Ya kumi na sita simu ikamtetemeka mfukoni.
Ya ishirini na moja akaja kutazama kama inatoka vizuri.

Picha ikafunguka mgongoni mwa kamera:
nyota, naam, zote mia tatu;
nailoni ikimeremeta kama magamba;
na pale aliposimama Bwana Twalib
moshi wa kanzu, na mstari wa saa ya dhahabu.

Lakini safu ya nyuma, pembeni,
kwenye kiti kimoja kisicho na nailoni
(sikukiona, macho yangu yalikuwa kwenye bei)
ameketi mtu, wazi kabisa,
kila mkunjo wa leso unasomeka,
tasbihi mkononi, punje kwa punje.

"Mama! Umeingia saa ngapi?"
"Nimo humu tangu adhuhuri. Na jana. Na juzi.
Pana baridi, pana kimya.
Mulipowasha ngurumo zenu nilidhani mvua, nikashukuru.
Haya, niwateni."

Tukarudia mara sita.
Mara sita yeye moshi.
Mlangoni akaninong'oneza:
mfute na yeye, pamoja na nailoni.

Niliifuta nailoni tangu isha mpaka alfajiri, kiti kwa kiti.
Bwana Twalib nilimkata kwenye picha nyingine, aliposimama uani juani,
nikambandika kando ya skrini, anacheka.
Kisha nikapeleka kishale juu ya leso ile,
nikakiacha hapo kitambo, nikaenda kupika chai.

"Na yule?" aliuliza.
Nikasema kompyuta imekataa.
Alilipa nusu.

Juzi nilimpigia kumdai nusu ya pili.
Sauti yake ilikuwa karibu mno,
haina mwangwi, haina kunguru nyuma yake.
"Nipigie baadaye," akanong'ona, "Mama kalala."
Na kabla hajakata
nikasikia nailoni ikilia, alipogeuka kitini.