Hawana Pointi

Banda la uani, Halifax, Januari.
Hita ya mafuta ya taa inanuka kama jiko la mama,
na mimi, niliyepiga rangi malori ya mkonge Tanga,
nimeshika bunduki ya rangi nyembamba kama kalamu
na jeshi zima linaenea ndani ya kasha la viatu.

Kompresa inakoroma, inanyamaza, inakoroma.
Praima kwanza, nyeusi, kila upande,
hadi wote wawe vivuli vya kimo cha pingili ya kidole.
Kisha nyeupe kutoka juu, mahali pa jua la saa sita,
ndipo yanapotokea mabega, pua, mikunjo ya mashati.
Hili nimejifunza huku. Kwenye lori hupaki jua.
Jua lipo.

Bwana Thackray wa klabu ndiye aliyeniagiza.
Alhamisi wanacheza vita kwenye ukumbi wa kanisa,
meza ya futi sita kwa nne, nyasi za unga wa mbao,
na safari hii ni vita ya mwaka wa kumi na nne, ya kwetu.
"Wewe Mdoe utazijua rangi zao," kasema, bila ubaya,
akanipa askari ishirini na wanne na mfuko wa vichupa.
Kimoja kimeandikwa *Ngozi*.
Nikakifungua: waridi, kamba wa kuchemsha.

Basi nikachanganya yangu.
Kahawia ya tandiko la farasi, tone la zambarau,
manjano kwa ncha ya kijiti cha meno.
Nikaijaribu mgongoni mwa mkono wangu
mpaka nisione nilipoiweka.
Thina matone matatu, presha chini,
pumzi moja fupi kwa kila shavu.
Vipimo sikuandika. Ilipokwisha nikachanganya tena,
ikatoka nyingine; mara ya tatu, nyingine.
Nikawapanga dirishani: hakuna wawili waliolingana,
kama watoto wa tumbo moja.

Ndipo nikauliza: na wapagazi?
Thackray akafunua kitabu cha kanuni, akalamba kidole.
Mwenye bunduki, pointi nane. Bombomu, arobaini.
Afisa mwenye filimbi, ishirini na tano.
"Wapagazi hawamo. Hawana pointi."

Babu yake mama alikuwa Kariakoo,
enzi hizo jina la watu, si la soko.
Alitoka Handeni na ratili sitini za mchele kichwani,
mchele asioruhusiwa kuupika.
Iliyorudi ni habari,
nayo ilichelewa masika mawili.

Nikakesha na udongo wa kijani wa kufinyangia.
Nilinunua askari wengine, nikawanyofoa bunduki,
nikainua mikono yao, ikawa imeshika hewa,
na juu ya hewa ile nikatua mizigo:
punje ya choroko ikawa gunia,
njiti ya kiberiti, vipande vinne, kasha la risasi.
Arobaini na wanane. Mke wangu akachungulia,
akasema choroko zile zilikuwa za kesho.

Alhamisi nikawapanga nyuma ya mstari
na askari wakaonekana wachache.
"Wanafanya nini?" akauliza Callum,
miaka kumi na minne, gundi kwenye mkono wa sweta.
"Hawafanyi kitu," nikasema.
"Wakianguka, hao wa mbele hawali."
Thackray akapima kwa rula yake ya chuma,
akaandika jambo kwa penseli pembeni mwa kanuni.
Sikuliona.

Mpagazi wa kwanza alianguka zamu ya pili,
si kwa dadu, kwa kiwiko cha mtu anayefuata chai.
Callum akamwokota chini ya meza,
akapuliza vumbi, akamgeuza kwenye taa.
"Hii kahawia inaitwaje? Nikanunue."

Nikatazama mgongo wa mkono wangu.
"Njoo Jumamosi," nikamwambia. "Tutachanganya.
Haitatoka hiyo."