Jogoo wa Sahani ya Tisa

Ilikuwa siku ya sita mimi na Ilarie hatusemezani.
Aliuuza mti wa jozi ulio nyuma ya tanuri,
alioupanda mama mwaka niliobatizwa;
kamuuzia seremala, mimi niko kanisani,
nikirudi ananitajia bei.

Lakini udongo uwahi ungali maji,
nao haujui nani kamnunia nani.
Kule kwake gurudumu lilizunguka, mguu ukilisukuma,
sahani ikafunguka kati ya viganja
kama kinywa kinachotaka kusema kitu, kisha basi.
Akaikata kwa uzi, akaiweka ubaoni ivute upepo.
Hanitazami. Simtazami.

Hapa Horezu twachora kwa pembe ya ng'ombe
iliyotobolewa nchani, ikachomekwa unyoya wa bata bukini.
Nilimwaga weupe kwanza, mwepesi kama uji wa mgonjwa,
nikadondosha kahawia, nikadondosha kijani,
duara ndani ya duara;
kisha kwa kijiti chenye ncha ya waya
nikaivuta rangi mbichi toka ukingoni hadi kitovuni,
utando wa buibui ukajisuka.
Hakuna kufuta. Mkono ukikohoa, sahani imesikia.

Katikati, jogoo. Wateja hutaka jogoo.
Wanane niliwachora nilivyofunzwa:
kifua mbele, mkia mundu, mdomo umefumbwa.
Wa tisa nikamfumbua mdomo.
Nikampa kucha. Nikampa jicho la mama.
Nikamwelekeza kwenye gurudumu.

Gurudumu likasimama.
Ilarie akaja, tope hadi viwikoni,
akainama kama mtu anayesomewa mashtaka.
"Huyu anawika nini?"
Neno lake la kwanza tangu Jumapili.
"Muulize."

Kesho yake akaniletea sahani iliyopinda ukingo,
yeye, ambaye miaka thelathini hajanipa iliyopinda.
Sikumwambia airudishe kwenye bonge.
Niliichora mti, bila ndege,
majani tu, majani mpaka rangi ikanikaukia pembeni.

Tanuri lilipopoa, wanane walitoka waking'aa.
Wa tisa alikuwa na ufa, unywele tu, shingoni.
Hauziki.

Mfinyanzi hulia gaeni.
Jioni Ilarie alipakua maharage humo,
akala polepole, kijiko kwa kijiko,
mpaka lile jicho likaanza kutokeza.
Hapo akaweka kijiko chini,
akaniuliza miche ya jozi hupandwa mwezi gani.