Chogo

Mwaka ule yalikwenda magunia tisa ya viazi, na ndama mmoja.
Ambakisye akaileta begani kutoka Mbeya,
inchi kumi na nne, chogo kama la mjomba wake.

Antena tuliifunga kwenye mwanzi, nyuma ya jiko.
Yeye nje, ndani ya ukungu, anazungusha.
Mimi dirishani: Bado. Bado. Rudisha kidogo.
Hapo! Usiachie!
Mpira nikautazama mimi, yeye nikamsimulia.

Kisha wakatangaza mitambo ya zamani inazimwa.
Saa sita usiku, hatujakosana na mtu,
zikabaki chenga tupu.

Kijana wa duka pale stendi ya Tukuyu akasema,
Mama, nunua king'amuzi. Nikanunua.
Waya haukuingia kwenye tundu.
Nunua waya. Nunua dishi.
Nunua kifurushi.
Kifurushi! Hakina hata kamba
ningefungia kuni.

Na mvua ya Tukuyu hainyeshi, inaishi hapa.
Ikigusa bati tu, picha inaganda:
msoma habari mdomo wazi
kama mtoto anayengoja kijiko cha uji.

Jana kijana kaja mwenyewe, kaizunguka, katikisa kichwa.
Mama, tatizo ni hili chogo.

King'amuzi, jina zuri.
Miaka yote hii sijang'amua
nani alikwenda kuwaomba picha safi.

Mwanzi ungali umesimama.
Asubuhi Ambakisye hutoka, huuzungusha kidogo, mazoea tu,
nami jikoni, moto haujakolea,
namjibu: Bado.