Ufunguo wa Nje

Walipofunga ofisi ya Ruwi mwezi wa sita
walitugawia viti kama sadaka.
Changu kilifika Al-Khoudh kimelala chali
nyuma ya gari la Hilal,
magurudumu matano angani
kama mdudu aliyeshindwa kugeuka.

Majilisi ni ya wageni, alisema mkwe wangu.
Chumba cha kulala ni cha kulala.
Jikoni, basi tena.
Ikabaki stoo chini ya ngazi,
hatua tatu kwa mbili na nusu,
mahali ambapo vitu husubiri
mtu apate moyo wa kuvitupa.

Nilitoa magunia mawili ya mchele,
moja wadudu wameshamaliza kula;
feni isiyo na kichwa;
debe la tende zilizoganda kuwa jiwe;
sanduku la bati lenye jina la marehemu kwa rangi nyeupe
na la bandari aliyoshukia, nusu ya herufi zimebanduka.
Na mbuzi. Mbuzi isiyokula majani,
ya kukunia nazi, meno yake bado makali.

"Hiyo usiiguse," alisema Bi Shinuna.
"Mama, nazi siku hizi ni ya kopo."
"Nimesema usiiguse. Sikusema nakuna."

Fundi Shafiqul akaja na drili na binamu yake.
Akapitisha waya, akaweka soketi mbili,
akatoboa ukuta ili kiyoyozi kipate pa kutemea joto,
maana stoo ile saa sita mchana
ingeweza kuivisha mkate.
Mwisho akapachika mlango,
kitasa akakiweka kinyume:
ndani hakina tundu, ufunguo unaingia kwa nje tu.
Nikampigia simu. Akasema kesho.
Kesho ya Shafiqul ni ndefu kama njia ya Salala.

Kazi yangu ni ajali.
Zinanifikia kwa picha: bampa la Barka, kioo cha Nizwa,
boneti iliyokunjwa na ngamia karibu na Haima,
ngamia mwenyewe hayumo pichani.
Nakadiria. Naandika riali ngapi, baisa ngapi.
Nahitaji kimya kwa hilo,
si kingi, robo saa kwa robo saa.

Wiki ya kwanza kila mtu alipiga hodi.
Yaarub alitaka chaja.
Shemeji alitaka chai, na wenzake wanne.
Bi Ghaniya wa nyumba ya pili alitaka kujua
kama ni kweli nimeachishwa.
Na wote walikuwa na neno moja mdomoni:
si uko nyumbani?

Jumapili ya pili, katikati ya mkutano,
nyuso sita kwenye kioo na bosi anahesabu hasara,
nikasikia ufunguo ukizunguka. Mara mbili.
Kisha sauti ya mkwe wangu upande wa pili:
"Hayupo. Yuko kazini."
"Kazini wapi, na viatu vyake hivi hapa?"
"Kazini, Ghaniya. Kaa unywe kahawa. Saa tisa anarudi."

Ufunguo anaufunga pembeni mwa kanga
pamoja na noti yake ya dharura.
Saa saba anafungua,
ananisukumia sahani ya wali na papa mkavu,
haulizi, hasemi,
anafunga tena.

Mimi niliyemlipa fundi ili nijifungie
nimefungiwa. Sijui hili niliite nini.
Juzi Shafiqul kapiga simu: kesho imefika,
anakuja kugeuza kitasa.
Nikamwambia asubiri.

Mbuzi sikuigusa. Niliisogeza meza tu,
ikaja ikakaa juu yake.
Mchana navua kandambili,
miguu yangu inaukuta ubao ule kwenye giza,
mlaini, umebonyea kidogo katikati
kwa wanawake waliokaa hapo
mchana kutwa, nyumbani.