Punje ya Mtama

San Rafael, Januari. Mvua ya mawe ilinyesha dakika saba,
ikavuna zabibu kabla ya wenyewe,
ikayaacha magari ya mji mzima yana ndui.

Kusukuma nilijua.
Nilipenyeza ufito nyuma ya boneti, shimo likapanda,
nikasema: tayari.
Fermín Ocampo akasogeza taa yake ya mistari sita,
akachuchumaa, akafumba jicho moja.
"Umefukia shimo, umejenga vichuguu."
Kweli. Mistari iliyopaswa kunyooka kama uzi wa mwashi
ilibanana pale, ikaachana,
mwandiko wa mtu aandikaye ndani ya lori.

Akanipa boneti ya gari lililokufa.
Wiki tatu, mbonyeo mmoja, mdogo kuliko ukucha.

"Itafute ncha kwanza. Gusa tu,
mpaka kivuli kizaliwe kwenye rangi,
punje ya mtama.
Ukiona punje ya hindi, umeshaharibu.
Sasa sogea nusu punje. Gusa tena."

Kichuguu kikiinuka nikishushe kwa kigongo cha plastiki,
nigonge kama ninayemwamsha mtoto wa jirani.
Kisha taa igeuzwe,
maana kilichonyooka kwa mlalo
huweza kupinda kwa wima.
Na nisikimbilie msasa: rangi ina vinyweleo vyake
kama ganda la chungwa,
ukiilainisha ikawa kioo
umeondoa jeraha, umebakiza kovu.

Shimo lenyewe lilikuwa kazi ya robo saa.
Kile kilichobaki, kisichoonekana na mteja,
kilikula mchana.
Shingo iliniuma hata nikimimina chai.

Machi akaja Eduviges Quiroga kuchukua gari lake la kijani.
Alikuwa ameyahesabu: paani kumi na tisa.
Akazunguka mara mbili. Akapitisha kiganja.
Akavua miwani, akaivaa.
"Hapa pamewahi kupigwa kweli?"
Nikamwashia taa. Mistari sita ikalala juu ya paa,
haikukohoa hata mmoja.
"Ndiyo hivyo," akasema, "hamna kitu hapa.
Mnanitoza pesa za nini?"

Nikamgeukia Fermín anitetee.
Alikuwa karoni, ametupa mgongo,
ananawa mikono iliyokwisha kutakata,
mabega yakimcheza.