Ile ya Karoni

Bwana Amaro amefika, lenzi shingoni, rula mfukoni,
na mwavuli ulioshindwa kitambo na mvua ya Galisia.
Ameniuliza jina la kamelia yangu.
Nimemwambia: sisi huiita Ile ya Karoni.
Hakuandika.

Anaanza na jani. Analiinua kwenye mwanga:
nene, linang'aa kama kiatu cha Jumapili,
ukingoni vijino vya msumeno mdogo.
Anapapasa chipukizi kwa ncha ya kidole,
halina malaika.
"Lingekuwa nayo," anasema, "tungezungumza mengine."
Kisha petali, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayehesabu fedha za watu.
Kumi na nane. Anarudia. Kumi na tisa:
ya mwisho imejikunja katikati ya stameni,
nusu petali, nusu uzi, haijaamua.

"Maua yake huangukaje?"

Mazima. Hayapukutiki.
Usiku nasikia pu! juu ya jiwe la karo,
asubuhi nalikuta limekaa, uso juu,
kama halijapata habari kwamba limekatika.

Hapo ndipo alipotabasamu.

Aliileta mama, Obdulia, Agosti moja,
siku alizokuwa akifua mashuka ya jumba la mabwana
ng'ambo ya mto. Kijiti cha urefu wa kidole,
kimenyofolewa pamoja na kipande cha gome,
kikavuka daraja ndani ya soksi mbichi.
Wizi, ndiyo. Bibi alisema pando la kuibwa hushika upesi.
Alikifunika kwa chupa iliyokatwa kitako,
akakipa mchanga, majani yaliyooza ya msonobari,
na maji ya mvua, si ya karo:
sabuni ingekiua.

Miaka sita, majani matupu.
Baba akasema: mke wangu, umeiba chai.
(Hakukosea sana. Ni ndugu wa damu.)
Wa saba, Februari, tumba moja.
Mama akalisimamia na mwavuli.

Sasa daftari la picha liko mezani,
kurasa zimevimba kwa unyevu.
Hii? Hapana, ile ina michirizi.
Hii? Stameni zake zimeshikana kama kikombe;
za kwako kila mmoja na njia yake.
Hii inakaribia, lakini tazama wekundu wake, umepoa.
Hadi saa saba. Hadi mchuzi wa kabichi
ukapashwa mara ya pili, na akala.

"Huenda kule jumbani ilijiotea kwa mbegu,
basi duniani ni hiyo tu.
Au ina jina, na aliyelijua ameshazikwa."
Amejaza kadi ya maonyesho:
Spishi, japonika. Jina, halijulikani.
Nimempa ua moja ndani ya sahani ya maji,
amelibeba kwa mikono miwili, mwavuli kwapani,
analowa.

Amefika getini. Amesimama. Amerudi.
"Hiyo ya Karoni," ameuliza, kalamu mdomoni,
"mnaiandika kwa herufi kubwa au ndogo?"

Sijui, Bwana Amaro.
Hatujawahi kuiandika.